Nilichojifunza kwa Kutundika Picha Zangu Koridoni

Nyumba nyingi za Ngamiani, hapa mjini Tanga, zimejengwa kwa ramani moja: baraza mbele, mlango wa mbao, korido ndefu inayoipasua nyumba katikati, vyumba kulia na kushoto, kisha uani. Nyumba yetu ni ya namna hiyo. Zamani korido ilikuwa njia ya kupita tu na mahali pa kuegesha baiskeli wakati wa mvua. Siku hizi kuta zake mbili zina picha nilizopiga mwenyewe, na wageni wa mama huchelewa kufika uani kwa sababu husimama njiani wakiangalia.

Naandika haya kwa ajili ya mtu mwenye simu iliyojaa picha, anayependa kupiga, lakini hajawahi kuzitoa humo. Nimegundua kwamba picha huanza kunifundisha pale ninapoishi nayo ukutani. Ukiwa na simu, wewe ndiye unayeamua kuiangalia. Ukutani unakutana nayo ukienda kuoga, ukirudi sokoni, ukiwa na hasira, ukiwa na furaha. Zipo picha zinazostahimili kuonwa hivyo na zipo zinazochoka upesi, na ukiangalia simu pekee huwezi kujua ipi ni ipi.

Picha iliyonifungua macho kwa hili ni ya jua likichomoza Raskazone. Kwenye simu kila mtu aliisifu: anga la rangi ya papai, ngalawa moja katikati, maji yametulia. Niliichapisha kubwa, ukubwa wa A4, nikaiweka karibu na mlango wa mbele. Haukupita muda watu wakawa wanapita bila hata kuitupia jicho, nami nikiwa mmojawapo. Pembeni yake palikuwa na picha ndogo ya mjomba akiziba pancha chini ya mwarobaini, kichwa kimeinama, beseni la maji miguuni pake. Hiyo mpaka leo watu huisimamia. Mmoja hubishana kama ile baiskeli ni Phoenix, mwingine analitambua beseni, watoto huuliza kwa nini mpira unatumbukizwa majini.

Nimelifikiri sana jambo hili. Picha ya jua humaliza maneno yake yote kwa mtazamo mmoja. Ya mjomba ina vitu vingi vidogo, na jicho huviokota kimoja kimoja, leo hiki, kesho kile. Tangu hapo nikipiga picha naangalia mikono inafanya nini, chini kuna nini, nyuma ya mtu kuna nini. Sijaacha kupenda mawio ya Raskazone, ila nayapiga pale tu panapokuwa na mtu anayefanya kazi yake ndani ya ule mwanga.

Kwa hiyo siku hizi sikimbilii fremu. Picha ninayoipenda naisafisha kwanza ndogo, 4 kwa 6, naibandika ukutani kwa ile selotepu ya karatasi wanayotumia mafundi rangi, maana haibandui chokaa. Naiacha hapo. Ikiwa baada ya majuma kadhaa bado nasimama kuiangalia, basi imestahili kukuzwa na kuwekewa kioo. Nyingi hazifiki hapo, nazo huingia kwenye albamu bila kinyongo.

Kuhusu vipimo nitasema kwa ufupi. Studio nyingi hutaja ukubwa kwa inchi: 4 kwa 6, 5 kwa 7, 8 kwa 10. Picha ya simu kwa kawaida ina uwiano wa 4 kwa 3, wakati karatasi ya 4 kwa 6 ina uwiano wa 3 kwa 2. Mashine ikiijaza karatasi yote, hukata takriban sehemu moja kati ya tisa ya picha yako, na haikuulizi ikate wapi. Ndiyo maana kwenye picha za harusi utamwona bwana mrefu hana kofia. Kata mwenyewe kwenye simu kabla ya kupeleka, au mwambie fundi aache ukingo mweupe ili picha ibaki nzima. Mimi nimeuzoea ukingo mweupe na sasa naupendelea.

Kipimo cha ukali nacho hakina siri. Picha ya kuangaliwa kwa karibu hutakiwa kuwa na nukta 300 kwa kila inchi. Hivyo 4 kwa 6 inahitaji pikseli, yaani nukta za picha, 1200 kwa 1800, na A4 inahitaji 2480 kwa 3508. Simu ya megapikseli 12 hutoa pikseli 4000 kwa 3000, kwa hiyo hata A4 inatosha bila wasiwasi. Kinachoharibu ni njia ambayo picha inapita. Ukiituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, hupunguzwa ili isafiri kirahisi, na kule studio hufika ikiwa imepungua. Itume kama faili, au ipeleke kwenye flashi. Na mtu akikutumia picha nzuri aliyokupiga yeye, mwombe hivyo hivyo.

Sasa nije kwenye jambo linalonigusa kuliko yote, nalo ni nyuso zetu kwenye karatasi.

Kioo cha simu hutoa mwanga wake chenyewe, ilhali karatasi hutegemea mwanga wa mahali ilipo. Picha iliyoonekana safi simuni hutoka nzito kwenye karatasi, na kitu cha kwanza kuzama ni uso wa mtu mweusi: macho yanapotea, shavu na shingo vinakuwa doa moja. Mashine za studio nazo zina tabia yao. Zikiachiwa zirekebishe zenyewe, huhesabu wastani wa mwanga wa picha nzima. Mzee aliyevaa kanzu nyeupe, amesimama mbele ya ukuta mweupe siku ya Idi, atatolewa na uso mweusi tititi kwa sababu mashine imeona weupe umezidi ikapunguza. Mtu aliyekaa kwenye giza la mlango atatolewa wa rangi ya majivu kwa sababu mashine imeona giza ikaongeza.

Jambo hili lina historia. Kwa miongo mingi maabara za picha za rangi zilirekebisha mashine zao kwa kadi za mfano za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, kadi zilizokuja kuitwa Shirley. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha ngozi ya kila mtu. Ni katikati ya miaka ya 1990 ndipo Kodak ilipotoa kadi yenye wanawake watatu, mmoja wao mweusi. Nilipolijua hilo niliziangalia upya albamu za familia zetu, zile picha za rangi ambazo shangazi zangu wote wana rangi ambayo hawajawahi kuwa nayo, na niliumia. Watu wazima wameondoka duniani na rangi yao halisi haimo kwenye karatasi yoyote. Mimi nikiwa na uwezo wa kuirekebisha leo, kwa nini niache?

Ninachofanya ni hiki. Napunguza mwanga wa kioo cha simu hadi karibu nusu, kisha naitazama picha hapo. Kama uso unasomeka, vizuri. Kama hausomeki, nauongezea mwanga sehemu za vivuli tu, siyo picha nzima, maana ukiongeza kote kanzu inapotea. Halafu napanga uso ule ule mara tatu kwenye ukurasa mmoja wa A4: kama ulivyo, wenye mwanga zaidi kidogo, na wenye mwanga zaidi tena. Pembeni naandika nimeongeza kiasi gani. Nachapisha, naacha wino ukauke hadi kesho yake, kwa sababu rangi hubadilika kadiri unavyokauka, kisha naupeleka ukurasa koridoni, pale pale picha itakapokaa. Naangalia mchana, naangalia usiku taa ikiwa imewashwa. Karibu kila mara wa katikati ndio unaoshinda. Kwa studio ninasema neno moja kabla ya kulipa: "Fundi, naomba usirekebishe rangi, itoe kama ilivyo." Mafundi wengi hawalichukii ombi hilo. Kuna mmoja ambaye sasa ananiita nimsaidie kuamua picha za wateja wengine.

Wakati wa kupiga pia kuna la kufanya. Ukiwa ufukweni, bahari ikang'aa nyuma ya mtu, simu huifuata bahari. Gusa uso wake kwenye kioo ili simu ipime hapo. Au mgeuze asimame kwenye kivuli cha baraza akitazama nje: mwanga wa barazani saa kumi jioni ni mzuri kuliko taa yoyote niliyowahi kuona studio.

Je, ununue printa au upeleke studio? Ninatumia vyote viwili. Studio yenye mashine ya dawa haitumii wino: karatasi yake ina chumvi za fedha, humulikwa kwa mwanga, kisha hupitishwa kwenye dawa. Picha ya namna hiyo haivujishi rangi ikidondokewa na tone la maji, na kwa 4 kwa 6 nyingi gharama yake ni nafuu. Printa ya nyumbani ya matangi ya wino naitumia kwa majaribio na kwa picha za karatasi isiyong'aa, ambazo koridoni zinapendeza zaidi kwa kuwa hazirudishi mwanga wa mlango. Printa ya rangi nne huwa na shida na picha nyeusi na nyeupe, huzitia ukijani au uzambarau, kwa hiyo hizo nazipeleka studio. Mwenye printa akumbuke mambo mawili. Achapishe kitu chenye rangi walau mara moja kwa wiki, kwa sababu wino ukikaa hukauka kwenye vitundu. Na aizime kwa kitufe chake, asichomoe plagi, maana kikiguswa kitufe ndipo kichwa cha wino hurudi kwenye kifuniko chake. Umeme ukikatika katikati ya kazi, ukirudi iwashe, iache itulie, kisha izime ipasavyo.

Kwetu pwani kazi kubwa huanza picha ikishatoka. Hewa yetu ina unyevu na chumvi, na masika yakikolea, hasa mwezi wa 5, kuta hutoa jasho. Nimeona picha nyingi majumbani kwa watu zimenasa kwenye kioo cha fremu, uso wa bibi harusi umegeuka ramani ya visiwa vinavyong'aa. Sababu yake ni kwamba tabaka la juu la picha hulainika likipata unyevu, na likigusana na kioo kwa miezi hushikana nacho. Ukivuta, uso unabaki kwenye kioo. Picha isiguse kioo kabisa. Mimi nakata kadi nene, naitoboa dirisha katikati, naiweka kati ya picha na kioo, ndipo fremu inafungwa. Kadi hiyo hufanya kazi ya kuzuia, tena huipa picha nafasi ya kupumua machoni. Manila za kawaida hugeuka manjano baada ya muda na zinaweza kuacha ukingo wa kahawia kwenye picha; ukipata kadi isiyo na asidi chukua, na usipoipata basi uwe tayari kubadilisha.

Nyuma ya fremu, kwenye pembe mbili za chini, nabandika vipande vya kandambili zilizokwisha, unene wa kidole hivi. Fremu inasimama mbali kidogo na ukuta na hewa inapita nyuma yake. Ni kitu kidogo na hakina gharama, lakini ukilinganisha fremu yenye vipande hivyo na isiyo navyo baada ya masika moja, utaona ukungu umeota upande gani.

Mbao za fremu sichagui kwa urembo. Fundi wangu seremala hunitengenezea kutokana na masalia ya mtiki, mbao zinazopatikana kwa urahisi mkoani kwetu kwa sababu ya shamba la miti la Longuza, Muheza. Moyo wa mtiki mchwa hawaupendi. Hadibodi ya nyuma ndiyo wanayoipenda, kwa hiyo kila robo ya mwaka nashusha fremu zote, naangalia nyuma, nafuta, nazirudisha. Shughuli hiyo wapwa zangu wanaipenda kwa sababu ndiyo siku wanapopewa nafasi ya kuhamisha picha. Kioo nacho usikipuuze: cha milimita 3 cha ukubwa wa A4 kina karibu nusu kilo. Kwenye ukuta wa tofali la saruji msumari wa zege unakishika, lakini nyumba za zamani zilizojengwa kwa mawe na chokaa hubomoka zikigongwa, huko ni bora kutoboa kwa drili taratibu na kuweka plagi ya plastiki.

Watu wengi hulamineti picha wakidhani ndiyo kinga. Kwa kitambulisho sawa. Kwa picha ya kumbukumbu sishauri, kwa sababu ikishabanwa kwa moto haibanduliwi tena, na kingo zikiachia unyevu huingia na hauna pa kutokea.

Jua ni adui wa aina nyingine, na hapa nimejifunza jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwa mtu. Tanga ipo kwenye nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua linapita juu ya utosi wetu mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa mwezi wa 3 na mwanzoni mwa mwezi wa 10. Katikati ya mwaka liko upande wa kaskazini, mwishoni mwa mwaka liko kusini. Mlango wetu wa mbele unatazama mashariki. Mwezi wa 6 jua huchomoza kuelekea kaskazini zaidi, linaingia mlangoni kwa mshazari na kugonga ukuta wa kusini wa korido. Mwezi wa 12 linahamia ukuta wa kaskazini. Hatua chache za kwanza kutoka mlangoni ndizo zinazoathirika, ndani zaidi ni kivuli mwaka mzima. Kwa hiyo pale karibu na mlango naweka picha ndogo ambazo naweza kuzichapisha upya bila kuumia, nazo nazihamisha ukuta kwa ukuta kufuata majira. Zile zisizo na mbadala ziko katikati ya korido. Kabla hujagonga msumari nyumbani kwako, kaa siku moja uone jua linatembea wapi, kisha ujiulize litakuwa wapi miezi sita baadaye.

Korido ni nyembamba, na hilo nalihesabu kama bahati. Huwezi kurudi nyuma, unasimama karibu, kwa hiyo picha ya 5 kwa 7 ndani ya kadi pana inatosha na inamvuta mtu asogee. Kitovu cha picha nakiweka kwenye kimo cha macho, karibu sentimita 150 kutoka sakafuni. Chini yake kuna mstari mwingine mmoja kwa ajili ya watoto, wenye picha za kuku, paka wa jirani, na wao wenyewe.

Kuhusu nini kitundikwe na nini kisitundikwe, mama ndiye aliyeniwekea mipaka, na namshukuru. Siku nilipomwonyesha picha ya kwanza alisema, "Mwanangu, chumba ninachosalia usinitie sura ya mtu." Wapo ndugu zetu wanaoshika kwamba picha ya kiumbe chenye roho haitundikwi nyumbani kabisa, na ninapokwenda kwao siwapelekei fremu. Kwetu tumeelewana: koridoni ruhusa, chumbani kwa mama kuna picha moja tu, ya mnazi na mashua tupu pale Tongoni. Picha za siku ya kupamba bibi harusi, wanawake wakiwa peke yao bila buibui wala mtandio, hazipiti koridoni hata ziwe nzuri vipi, kwa kuwa koridoni wanapita wanaume, fundi wa maji, muuza samaki. Hizo ziko kwenye albamu, na albamu iko kabatini kwa mama. Mpiga picha wa pwani asiyelijua hili ataaminiwa mara moja tu.

Watu wa nje ya familia nawaomba. Nilipiga picha nyingi pale Deep Sea, wavuvi wakishusha samaki, kina mama wakichambua dagaa. Kabla ya kutundika yoyote nilizisafisha nakala na kuwarudishia. Mzee mmoja aliishika yake kwa ncha za vidole, akaniambia, "Hii nitampa binti yangu, yeye hajui kazi yangu inavyofanana." Niliomba kuitundika na nyumbani kwetu. Aliuliza itakaa karibu na nani, nikamwambia karibu na mjomba anayeziba pancha, akaridhika. Hivi sasa nikifika pale natafutwa. Kutoa nakala kumenifungulia milango ambayo kamera ya bei kubwa isingeifungua.

Ukuta umeniletea pia kazi ambayo sikuitazamia. Majirani walipoanza kuziona picha, walianza kuleta zao, zilizokaa kwenye masanduku tangu ujana wa wazazi wao. Jambo la ajabu ni kwamba picha nyeusi na nyeupe za studio za miaka ya 1960 mara nyingi ni kali kuliko za rangi za miaka ya 1980. Picha nyeusi na nyeupe ya zamani imechorwa kwa fedha, nayo fedha hudumu ikiwa picha ilisafishwa vizuri studio. Picha ya rangi imejengwa kwa rangi za kemikali tu, na hizo hufifia hata gizani, nyingi hubaki nyekundu au manjano. Kwa hiyo mtu anaweza kumwona babu yake kwa uwazi zaidi kuliko anavyojiona mwenyewe alipokuwa mtoto. Picha za rangi ndizo za kuwahi kunakili sasa.

Ninazinakili hivi. Picha nailaza mezani barazani, kwenye kivuli, mwanga ukitoka upande mmoja kwa mshazari. Simu naishika juu yake sawasawa, bila kuwasha taa yake, na mimi nimevaa nguo nyeusi ili isijirudishe kwenye karatasi inayong'aa. Kama picha imenasa kwenye kioo, siitoi: nainakili hivyo hivyo ndani ya kioo chake, kwa sababu jaribio la kuibandua linaweza kuimaliza. Nikishainakili, narudisha ya asili kwenye bahasha ya karatasi, siyo mfuko wa plastiki unaofungia unyevu, na nakala ndiyo inayotundikwa.

Anayependa kuona jambo hili likifanywa kwa mji mzima aende Urithi Tanga, kwenye ile Boma ya Wajerumani. Kuna picha za zamani za mji ukutani, na nimewahi kusimama hapo na wazee wakibishana kuhusu kona ya barabara. Nilirudi nyumbani nikaanza kuandika nyuma ya kila picha yangu, kwa penseli laini, bila kukandamiza: nani, wapi, mwezi gani, na nani aliyeniambia. Kalamu ya wino hupenya ikatokea mbele baada ya miaka, penseli haifanyi hivyo. Picha isiyo na jina huwa ya mtu asiyejulikana mara tu wanaomjua wanapoondoka.

Wiki hii bibi wa nyumba ya tatu ameleta picha ya vijana watano mbele ya studio, suruali pana chini, mmoja ameshika redio. Wanne tumeshawapata majina. Wa tatu kutoka kushoto wazee wamegawanyika: mmoja anasema ni mdogo wake fundi cherehani wa Barabara ya 12, mwingine anaapa ni mtu wa Pangani aliyekuja kuchezea timu moja ya mpira. Nimeandika majina yote mawili nyuma yake kwa penseli, na kesho naipeleka kwa mzee mmoja wa Chumbageni aliyewahi kuchezea timu hiyo.